Kambi ya ziwani Kigoma: mbona watoto wanakumbuka treni tu?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mlezi wa klabu ya vijana hapa Tabora mjini. Likizo mbili za Juni zilizopita nimewapeleka watoto 38, wa miaka 9 hadi 15, Kigoma kwa siku sita kando ya ziwa. Wazazi wanajinyima kulipa. Lakini nikiwauliza watoto baadaye wanakumbuka nini, wanataja treni na chakula, basi. Ratiba yetu imejaa kuanzia filimbi ya saa 11:30 alfajiri hadi mada za usiku. Nimesoma kwamba kambi za wenzetu Marekani zina nyimbo zao, mashindano ya rangi na sherehe za moto, na mtu akizeeka bado anazisimulia. Sisi tutungeje desturi zetu? Na simu za watoto tuzifanyeje?"

Marahaba, mlezi mwenzangu.

Nianze na hilo la treni na chakula, maana naona limekuuma. Lisikuume. Umewauliza watoto swali, wamekujibu kweli, na unachokitafuta kimo ndani ya jibu lao. Nimekaa na kambi za vijana kando ya Ziwa Tanganyika zaidi ya miaka 20 sasa, na desturi niliyoitunga mezani na kalamu mkononi ikadumu siikumbuki hata moja. Zilizodumu zilianzishwa na watoto wenyewe, mara nyingi sisi walezi tukiwa tunahangaika na jambo jingine kabisa. Kazi yetu ilikuwa kuona kwamba kitu fulani kimejirudia mara ya pili bila kuagizwa, kisha mwaka unaofuata kukipa nafasi yake, mahali palepale, saa ileile, na kumzuia mtu mzima yeyote asikitolee hotuba.

Kwa hiyo treni. Mtoto wa Tabora amezaliwa anasikia honi yake, lakini wangapi wameilalia? Wanapita Urambo, Kaliua, Nguruka, Malagarasi, Uvinza kwenye chumvi, na kila kituo kina wachuuzi wake na harufu yake. Reli hiyo ilifika Kigoma mwaka 1914, na mpaka leo mtu anayeingia Kigoma kwa treni huingia kwa taratibu, akiwa na muda wa kutamani. Wewe ratiba yako inaanza siku ya kwanza kambini, saa nne, "utambulisho na kanuni". Watoto wao walishaanza kambi Tabora stesheni. Chunguza walikuwa wanafanya nini humo behewani. Lazima kuna mmoja aliyekuwa anatangaza vituo kwa sauti ya kondakta. Mwakani mpe kazi hiyo rasmi. Kwetu kulizuka mchezo wa nani ataliona ziwa kwanza, na mshindi ndiye anayeingiza mguu majini kabla ya wengine wote, nasi tunasubiri tumejipanga kama tunamsubiri askofu. Mwaka mmoja ulizuka ugomvi mkubwa, maana aliyepiga kelele "Ziwa!" alikuwa ameona bati la nyumba likimeremeta. Tangu hapo neno "bati" kambini kwetu lina maana yake: mtu akidai ameona kitu ambacho hakipo, wote wanamwitikia "Bati hilo!" Sasa niambie, ni kamati gani ingekaa ikabuni hilo.

Kuhusu Marekani, soma lakini usinakili. Kambi za kule zimetokana na mambo yao. Likizo ya kiangazi ni ndefu, inakaribia miezi mitatu, na mtoto anaweza kukaa kambini wiki kadhaa mfululizo, akarudi miaka sita au saba, mwishowe akawa mlezi mahali alipokojoa kitandani akiwa na miaka minane. Wamelianza zamani pia. Wengi huhesabu kuanzia mwaka 1861, mwalimu mmoja wa Connecticut, Frederick Gunn, alipowaongoza wanafunzi wake kwa miguu hadi pwani wakapiga kambi. Mashindano ya rangi, yaani kambi nzima kugawanywa timu mbili zikapambana siku kadhaa kwa michezo, nyimbo na maigizo, yana utamu kwa sababu yanakuja baada ya wiki nyingi za kuzoeana, na mara nyingi yanatangazwa kwa kushtukiza. Ukiyaweka katika siku sita, watoto wanatumia siku tatu kushindana na watu ambao bado hawajajua majina yao. Nimejaribu, nimepata timu mbili zilizonuniana mpaka stesheni.

Vivyo hivyo kile kitafunwa chao cha motoni, biskuti mbili zilizobana chokoleti na peremende laini iliyochomwa kwenye kijiti. Maelekezo yake yalichapishwa mwaka 1927 katika kitabu cha skauti wa kike, na ni kitamu, sikatai. Lakini kwetu Kigoma muhogo upo. Muhogo uliofukiwa kwenye majivu ya moto wa kambi, ukaparuliwa weusi kwa kisu, ukapasuliwa mvuke ukatoka, ukatiwa chumvi. Watoto wanaugombania wakiwa na pua nyeusi. Huna haja ya kuagiza peremende Dar.

Ukitaka ndugu wa karibu wa kambi yako, tazama ile ya kisiwa cha Brownsea, Uingereza, Agosti 1907, iliyozaa uskauti. Vijana 20 hivi tu, wiki moja na ushee, hadithi kando ya moto usiku. Na unajua waliamshwa na nini? Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, alipuliza pembe ya tandala aliyoitoa huku kwetu Afrika. Pembe moja, wiki moja, na waliokuwepo waliisimulia hadi uzeeni. Kwa hiyo siku sita zinatosha. Nakushauri uanzie hapo hapo kwenye kuamsha, maana filimbi yako ina matatizo mawili.

La kwanza, ni filimbi. Shuleni filimbi, mazoezini filimbi, trafiki filimbi. Tafuta sauti ambayo mtoto hataisikia popote isipokuwa pale. Sisi tunagonga mfuniko wa sufuria kubwa la ugali kwa mwiko, mapigo matatu, kimya, mapigo mawili. Mpishi alianza tu siku betri ya kipaza sauti ilipoisha.

La pili ni hiyo saa 11:30. Ndugu yangu, Kigoma ni magharibi kabisa mwa nchi. Mwezi Juni jua linachomoza huku yapata saa 1:05 asubuhi, na kwa kuwa nyuma yetu kuna vilima, ufukweni miale inafika baadaye zaidi. Saa 11:30 ni usiku. Hata Tabora ni giza, sema mmezoea. Umewaamsha watoto gizani, wakakimbia mchakamchaka wakijikwaa kwenye kamba za mahema, wakawa na usingizi mpaka saa nne. Waache walale mpaka saa 12:30. Mchakamchaka ubaki, tena usiuguse, huo ni urithi wetu na hakuna kambi ya Marekani yenye kitu cha kuufikia. Ila ukimbiwe kukiwa kumepambazuka, juu ya mchanga mgumu karibu na maji, na kiitikio atoe mtoto, asitoe mlezi.

Ulichokipoteza asubuhi Kigoma inakurudishia jioni. Juni jua linazama karibu saa 1 kamili, wakati Dar es Salaam wenzetu walishawasha taa tangu saa 12:15. Na linazama majini, upande wa Kongo. Watoto wako kutoka Tabora wanaona jua likizama nyuma ya miembe na mapaa. Hapa linashuka kama sinia la shaba, linagusa maji, linanyooka pembeni kama limebanwa, halafu linaingia. Sisi kila jioni saa 12:40 kila kitu kinasimama, hata jikoni isipokuwa anayekoroga. Tunakaa kwenye miamba. Kanuni ni moja tu, hakuna kuzungumza tangu jua linapogusa maji mpaka ncha ya mwisho ipotee. Ni dakika mbili na ushee. Siku ya kwanza wanacheka, wanafinyana. Siku ya tatu ukichelewa kuwaita wanakuja kukuvuta shati. Wengine huuliza milima ya Kongo iko wapi, maana waliisoma. Waambie ukweli kwamba Juni hewa imejaa vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, mara nyingi milima inajificha, inaonekana vizuri zaidi mvua ikishaiosha hewa. Siku ikionekana, basi hiyo nayo ni sikukuu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningekuwa na nafasi ya kukueleza moja tu, ningechagua hili. Panga kambi kwa mwezi wa angani, kalenda ya ukutani ifuate.

Dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku kwa taa. Mchana dagaa wako chini, usiku hupanda kufuata vijidudu wanavyokula karibu na uso wa maji, na mwanga huwakusanya. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za betri na za sola. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, dagaa hawakusanyiki, kwa hiyo siku za mbalamwezi wavuvi hupumzika, wanashona nyavu. Maana yake ziwa lina usiku wa aina mbili, na kila aina inakupa kambi tofauti kabisa.

Usiku wa giza, ukikaa ufukweni Katonga au upande wa Bangwe, saa 2 hivi taa zinaanza kuwaka mojamoja mbali majini. Ndani ya saa moja ziwa limekuwa mji. Mtoto wa kwetu aliyekuwa na miaka 10 alinishika mkono akaniuliza, "Mwalimu, kule ndiyo Kongo?" Nikamwambia kule ni baba za wenzako wako kazini. Akakaa kimya, kisha akaanza kuhesabu. Wenzake wakamfuata. Walibishana kati ya 140 na 163 mpaka wakalala palepale, tukawabeba. Mwaka uliofuata, hata kabla ya kushusha mabegi, waliorudi wakauliza, "Leo tunahesabu?" Pale nikajua tumepata desturi. Leo kila kambi ina namba yake imeandikwa kwenye daftari, na hakuna aliyewahi kuthibitisha hata moja.

Usiku wa mbalamwezi taa hakuna, lakini mchanga unang'aa, na hapo ndipo pa kombolela. Unaujua utamu wake wewe mwenyewe. Kombolela ya ufukweni ina mitumbwi iliyopinduliwa ya kujificha, ina vivuli, na anayelinda kopo anaweza kumwona mtu akitambaa mita 50. Mdako na rede ni za mchana, kombolela iache isubiri mwezi. Mtu mzima akicheza naye acheze kweli, ajifiche kweli, apakwe mchanga.

Tahadhari moja hapa. Mwaka 2024 nchi zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana kusimamisha uvuvi miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane na wakue. Likizo ya Juni ikaangukia katikati. Tulikaa kwenye miamba tukingoja taa, hazikuja. Watoto waliorudi walinuna kwelikweli, wakaona tumewadanganya wageni wao. Ndipo mmoja akalala chali, akasema, "Basi tuhesabu za juu." Nyota za Kigoma bila mwezi, bila taa hata moja majini, hizo zilitushinda. Kwa hiyo kabla hujachapa ratiba, ulizia kwa watu wa uvuvi kama ziwa litakuwa wazi. Likifungwa, dagaa wabichi pia sahau, na bei ya wakavu itakushangaza hata hapo Tabora.

Nije majini, maana hapa utani unakoma.

Ziwa hili ni safi, unaona vidole vyako vya miguu ukiwa kifuani majini. Usafi huo unadanganya. Linafika kina cha mita 1,470 sehemu yake ya chini kabisa, na sehemu nyingi za mwambao mwamba unakatika ghafla, hatua mbili unasimama, ya tatu husimami. Upepo wa mchana unaweza kulifanya lile kioo la asubuhi kuwa mawimbi ya kukuangusha. Kwa hiyo kuogelea ni asubuhi, kuanzia saa tatu hadi saa tano, sehemu iliyowekewa kamba na maboya, na walezi wanaojua kuogelea wawe majini, wasiwe chini ya mwembe na chai. Kuingia kwenye mtumbwi ni kwa jaketi okozi, hata kwa anayejua. Kabla ya kuchagua ufuko waulize wavuvi wa hapohapo kuhusu mamba na viboko, wao ndio wanaojua wiki hii wameonekana wapi. Epuka midomo ya mito na sehemu zenye matete na maji yaliyotulia, kwa ajili ya mamba na kwa ajili ya konokono wa kichocho pia.

Lakini nilitaka kukusimulia vijiwe. Miaka ya mwanzo, kwenye kambi moja niliyokuwa msaidizi, tulihesabu watoto kwa macho. Siku moja tukatoka majini tukahesabu 31. Waliingia 32. Tukahesabu tena. 31. Sitaki kukumbuka vizuri hizo dakika, nakumbuka tu mama mpishi amejishika kichwa na walezi wawili wanapiga mbizi, na mimi nimesimama maji ya magoti nikiita jina mpaka sauti ikaisha. Mtoto alikuwa hemani. Alisikia baridi, akatoka, akajifunika blanketi, akalala. Hakuna aliyemwona, na hakuna aliyemwambia kwamba kutoka kunahitaji kuagwa.

Tangu mwaka uliofuata kila mtoto siku ya kwanza anaokota kijiwe chake ufukweni, anakichora kwa rangi ya mafuta anavyotaka, jina kwa chini. Wakiwa nchi kavu vijiwe vinakaa kwenye ndoo jikoni. Unapoingia majini unakichukua kijiwe chako unakiweka kwenye mkeka mwekundu mbele ya mlezi mmoja ambaye hana kazi nyingine. Ukitoka, hata kama ni kwenda kujisaidia, unakichukua. Kijiwe kikibaki mkekani na maji hayana mtu, sote tunajua ndani ya nusu dakika. Na wanaingia wawiliwawili, kila mmoja na mwenzake, mfuniko ukigongwa kila baada ya dakika 10 wanashikana mikono juu.

Mimi niliona ni utaratibu wa usalama. Watoto waliona kitu kingine. Pale penye mkeka wakapaita kijiweni, kwa utani, kama vijana wa mjini wanaopiga soga. Wakaanza kukaa pale hata jioni. Wakaanza kubadilishana vijiwe siku ya mwisho na yule waliyekuwa wakishikana naye mikono. Sikuagiza. Siku hizi nikisema tunapunguza vitu vya kubeba, rangi ya vijiwe ndicho kitu pekee ambacho watakubishia mpaka machozi. Ukichukua kitu kimoja kutoka kwetu, chukua hiki, kwa sababu kama watakipenda umefaidi mara mbili, na wasipokipenda bado utakuwa umehesabu watoto wako.

Moto. Usiwe kila usiku. Kuni za kununua ni pesa, na ukanda huu miti imekatwa vya kutosha. Sisi tunawasha mara mbili, usiku wa pili na wa mwisho, mdogo, wa kukaa karibu. Fungua kwa "Paukwa!" na ungoje "Pakawa!" itoke kwenye vifua vyao, siyo midomoni tu, na vitendawili vitangulie kabla ya hadithi. Za majini na mizimu ya ziwani usizitie usiku wa kwanza. Nilifanya kosa hilo, kesho yake nikafua magodoro manne.

Hadithi kubwa ya moto wetu ni ya meli, na ni ya kweli. Wajerumani waliijenga meli kwao Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipandevipande, wakaipakia kwenye makasha, ikavuka bahari, ikapanda reli ileile mliyokuja nayo, ikaungwa upya Kigoma na kuingizwa majini mwaka 1915. Vita ikawageukia. Julai 1916 wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi ili adui asiipate. Lakini mafundi wake, kabla ya kuizamisha, waliipaka mitambo grisi nene, kama mtu anayeficha sufuria akijua atarudi kupika. Hapo nyamaza kidogo. Watoto wataanza kuuliza wenyewe. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakakuta mitambo inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Ikabeba watu na mizigo ziwani miaka na miaka. Kila mtoto wa Kigoma anaijua, na wako kutoka Tabora wakishaisikia usiku, kesho yake wapeleke mahali wanapoweza kuiona bandari. Wameitoa motoni, wanaiweka kwenye macho.

Kuna mambo mengine ya kulifanya ziwa litishe bila mizimu. Waambie kwamba chini ya mita 200 hivi maji hayana hewa ya kumtosha samaki, ni giza na kimya zaidi ya kilomita moja kwenda chini. Ukimaliza sentensi hiyo hakuna anayetaka kukaa upande wa maji.

Vitu vya kufuta havihitaji maneno mengi. Mada za usiku, futa. Vyeti vya ushiriki, futa. Mgeni rasmi kwenye moto wa mwisho, futa kwa mikono miwili. Tuliwahi kuwa na mmoja aliyezungumzia maadili dakika 50, muhogo ukawa makaa. Anayetaka kuwasalimia watoto aje mchana, ale nao, aoshe sahani yake.

Chakula, ambacho watoto wako walikitaja, kipe heshima yake. Usiwapikie wali na maharage siku sita kana kwamba wako bwenini. Siku moja iwe ya mgebuka wa kuchoma, na wauandae wenyewe, wapare magamba, wakatwe vidole kidogo. Siku moja mlenda na ugali wa muhogo. Dagaa wakaangwe kwa mawese, maana huku ndiko mawese yaliko, na mtoto aliyezoea mafuta ya alizeti atakataa asubuhi, mchana ataonja, jioni ataomba apelekewe mama yake chupa. Asubuhi moja wapeleke kwa akina mama wanaoanika dagaa, waanike nao saa moja. Wakatoke wananuka. Kituo kizima cha Kaliua kitajua mmetoka Kigoma.

Simu: kusanyeni zote Tabora stesheni, mbele ya wazazi, ziende nyumbani na wazazi hao hao. Simu inayosafiri imezimwa ndani ya begi la mlezi huwa inawashwa siku ya pili. Mlezi mmoja apige nyumbani kila jioni kwa wazazi wawili watatu, ujumbe usambae.

Na kurithisha. Mna watoto wa miaka 14 na 15 ambao wamekuja mara mbili tayari. Hao usiwaweke kwenye mistari na wadogo. Wape mkeka, wape mfuniko, wape daftari la taa. Wao ndio watakaowaambia wageni "sisi hapa huwa tunafanya hivi", na hilo neno "huwa" mtoto wa miaka 9 akilisikia kwa mwenzake wa miaka 14 lina uzito kuliko ratiba yako yote iliyopigwa mhuri.

La mwisho ni ombi. Ninyi ni watu wa Tabora, mna asali, na Kigoma wanaipenda. Njooni na dumu moja, watoto wenyewe walikabidhi kwa akina mama wa dagaa siku ya kufika, muone siku ya kuondoka mtapewa nini. Dumu liwe la lita tano, jipya, lisiwahi kuwekwa mafuta ya taa. Funga mfuniko kwa nailoni mara mbili chini ya kizibo, liwekwe wima sakafuni, lisipandishwe kule juu kwenye mizigo. Kambi moja kabla yenu walilipandisha juu. Lilipasuka baada ya Nguruka, usiku, watoto wamelala chini yake, na sisimizi walifika kabla ya asubuhi.